Jino Lililonyooshwa Huenda Wapi? Historia ya Istilahi za Muumano wa Meno

Miongoni mwa kazi zinazofika mezani petu ili kusanifiwa, ziko zinazoonekana nyepesi mwanzoni, kisha zikatufunza kwamba hatukuzijua. Mojawapo ilikuwa kijitabu kidogo kilichotungwa na hospitali moja kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao wamefungwa nyaya za kunyoosha meno. Kijitabu kilikuwa kimekwisha kufasiriwa, tena kimekwisha kugawiwa. Sisi tuliombwa kuyapitia maneno yake tu. Mfasiri alipokutana na jina la kile kifaa kinachovaliwa baada ya nyaya kuondolewa, ambacho kazi yake ni kuyazuia meno yasiondoke mahali yalipopelekwa, alikiita "kihifadhi". Kisarufi neno hilo halina kasoro. Lakini mama mmoja, baada ya kusoma kwamba mwanawe amepewa kihifadhi na kwamba hana budi kukitunza vizuri "kwa muda", alikifunga katika kitambaa safi akakiweka kabatini. Huko kikakaa mwaka mzima. Mtoto aliporudishwa hospitalini meno yake ya chini yalikuwa yamepandana upya, na mama akaulizwa kwa ukali kwa nini hakufuata maagizo. Naye alikuwa ameyafuata.

Tulidhani kosa lilikuwa la neno moja, na kwamba tungelirekebisha kwa siku moja. Tulipoanza kuifuatia historia ya fani yenyewe, ili tujue kifaa hicho kilipataje jina lake katika lugha za wenyewe, tuligundua jambo ambalo hatukulitazamia. Mabingwa wa fani hiyo nao, kwa muda wa miongo mingi, walijikwaa mahali pale pale alipojikwaa mama yule. Waliamini kwamba jino likishanyooka na kuachwa lipumzike kidogo, kazi imekwisha; na msamiati wao ukajengwa juu ya imani hiyo. Kwa hiyo mfasiri anayeyachukua maneno yao bila kuijua historia yake, huichukua pamoja nayo imani ambayo wenyewe wamekwisha kuiacha.

Tuanze na akiba yetu, maana kanuni ya kazi hii inatutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili, halafu katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende mbali. Kiswahili si maskini katika mambo ya kinywa. Tunayo chonge, gego, ufizi na taya, tunaye kibogoyo, twasema meno yamepandana, yamebanana, yametokeza. Tunayo pia pengo na mwanya, maneno mawili ambayo Kiingereza cha kila siku huyaweka chini ya neno moja. Pengo ni mahali palipotoka jino. Mwanya ni nafasi ya asili baina ya meno mawili ya mbele, nao kwetu ni pambo; wako mabinti waliosifiwa kwa mwanya kabla ya kusifiwa kwa macho. Katika vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani nafasi hiyo hiyo huorodheshwa miongoni mwa dosari za kurekebishwa, tena ni katika zile zinazojulikana sana kwa tabia ya kufunguka upya baada ya kufungwa. Yaelekea watu wetu walifanya busara kuusifu badala ya kugombana nao.

Tulichokikosa ni nomino ya kutaja namna meno ya juu yanavyokutana na ya chini mtu afumbapo kinywa. Tumependekeza "muumano", kutokana na umana, kwa mfano wa muungano kutokana na ungana. Wako waliocheka wakisema kwamba kuumana ni kwa mbwa. Hatukuona kwamba kicheko hicho ni hoja ya kutosha, kwa kuwa meno ya mtu huumana kila siku juu ya chakula chake.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, yafaa tukumbushe kwamba katika kinywa jina laweza kudhuru kuliko ugonjwa. Tangu miaka ya 1980 limeenea nchini Tanzania jina la "meno ya nailoni", au "meno ya plastiki". Mtoto mchanga apatapo homa na kuharisha, ufizi wake mahali pa chonge huonekana umevimba, nao huo ni uvimbe wa kawaida wa jino linalokua. Lakini kwa kuwa jina lipo, hudhaniwa kwamba na ugonjwa upo, na mganga huufukua ufizi akalitoa jino kabla halijaota. Watafiti wa afya ya kinywa wameandika habari za madhara yake: maambukizo, kupotea kwa damu, na chonge za kudumu zisizoota au zinazoota zimeharibika. Mtoto aliyenusurika hubaki na muumano ulioharibiwa na neno. Basi tusiambiwe kwamba istilahi ni mapambo ya lugha.

Ama kuhusu historia ya tiba yenyewe, mizizi yake ni mirefu. Celsus, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, aliagiza kwamba jino la kudumu likiota wakati la utoto halijatoka, la utoto ling'olewe, na lile jipya lisukumwe kwa kidole kila siku hata lifike mahali pake. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa cha upasuaji wa meno, na ndani yake akaeleza ukanda wa madini uliofungwa kwenye meno kwa nyuzi ili kuyavuta yafuate mstari. Hao wote walitenda bila ya kuwa na jina la fani. Jina lilikuja mwaka 1841, pale Mfaransa mwingine, Lefoulon, alipochukua maneno mawili ya Kigiriki, moja la unyoofu na moja la jino, akayaunga. Alifuata mfano wa mwenzake Andry, ambaye miaka mia moja kabla, mwaka 1741, alikuwa ameliunga neno lile lile la unyoofu na neno la mtoto, akatupatia jina la tiba ya viungo na mifupa. Kutokana na neno la Lefoulon ndipo tunapopata othodontia.

Msomaji aliangalie vizuri jina hilo. Linasema unyoofu, linasema jino. Halisemi lolote juu ya kukaa. Fani ilibatizwa kwa jina la tendo lake la kwanza, na tendo la pili likaachwa bila jina.

Aliyeipa fani hiyo lugha yake ya kitaalamu ni Mmarekani Edward Angle, aliyezaliwa mwaka 1855 na kufariki mwaka 1930. Mwaka 1899 alitoa mgawanyo wa miumano katika makundi matatu, akitumia gego la kwanza la juu kama alama ya kupimia: kundi la kwanza magego hukutana sawa lakini meno mengine yamekosa mpango, la pili safu ya chini iko nyuma mno, la tatu iko mbele mno. Mgawanyo huo ungali unatumika duniani hadi leo, na ni nadra istilahi kuishi zaidi ya karne moja bila kuguswa. (Tumeomba yaitwe "makundi", siyo "madaraja" kama tulivyoona katika rasimu moja. Mzazi akisikia mwanawe yuko daraja la tatu, hufikiri ameshindwa mtihani.)

Lakini Angle alileta pia neno jingine lililotutatiza zaidi. Muumano uliotimia, wenye meno yote 32 katika mstari wake, aliuita kwa neno ambalo wafasiri wetu, bila kusita, huliandika "wa kawaida". Katika Kiswahili jambo la kawaida ni lile linaloonekana kila siku. Muumano wa Angle hauonekani kila siku. Watu wenye meno yaliyokaa namna hiyo bila dosari hata moja ni wachache katika kila taifa lililopimwa. Neno la Kiingereza limebeba maana mbili, ya lile lililo la wengi na ya lile lipasalo kuwa, na Angle aliteleza kutoka moja kwenda nyingine. Sisi hatulazimiki kuteleza naye. Tumeandika "muumano kamili", ili mtoto mwenye jino moja lililokingama asiambiwe na serikali yake kwamba hana kinywa cha kawaida.

Angle aliamini kwamba meno yote yakitunzwa na kupangwa kwa ukamilifu huo, mfupa wa taya utakua kuyazunguka na kutafuna kwenyewe kutayaweka imara. Kung'oa jino ili kupata nafasi kulikuwa kwake ni karibu na dhambi. Calvin Case alimpinga, na mwaka 1911 mabishano hayo yalifanyika hadharani mbele ya madaktari wenzao. Upande wa Angle ulitawala fani kwa miaka mingi baadaye. Aliyeuvunja utawala huo alitoka nyumbani mwake mwenyewe. Charles Tweed wa Arizona alikuwa mwanafunzi wake mwaminifu. Baada ya miaka kadhaa ya kutibu kama alivyofundishwa, aliwaita wagonjwa wake wa zamani akawaangalia, akaona kwamba wengi wao meno yameharibika mpango au yamesukumwa mbele mno. Aliwatibu upya, safari hii kwa kung'oa magego madogo manne, na mwaka 1940 akaonyesha kumbukumbu za wagonjwa 100 waliotibiwa kwa njia zote mbili. Ni mtu adimu anayeita ushahidi dhidi ya kazi yake mwenyewe, na twaamini kwamba fani nyingi, na ya kwetu ikiwamo, zingefaidika kwa watu wa namna hiyo.

Hata hivyo Tweed naye alihamisha tumaini tu; hakulibadilisha. Angle alitumaini kwamba meno yote yakiwapo mpango utadumu. Tweed akatumaini kwamba meno machache yakiondolewa mpango utadumu. Wote wawili walitafuta mahali ambapo jino likiwekwa litatulia lenyewe.

Wakati huo huo maarifa ya mfupa yalikuwa yakisema habari nyingine. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limening'inizwa ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyembamba zisizohesabika. Mswidi Carl Sandstedt alionyesha mwaka 1904, kwa majaribio ya mbwa, kwamba jino likisukumwa, mfupa wa upande linakokwenda hulika, na upande linakotoka hujengwa mpya. Ndiyo maana waya mwembamba huweza kulitembeza katika kitu kigumu. Mnorwe Kaare Reitan, katika utafiti wake wa mwaka 1959, alilizungusha jino kisha akalishikilia. Akaona kwamba hata baada ya siku 232 nyuzi za ufizi zilikuwa zingali zimevutika kuelekea kule lilikotoka. Mfupa ulikuwa umesahau, ufizi ulikuwa haujasahau. Kutokana na hayo wapasuaji walibuni njia ya kuzikata nyuzi hizo kuzunguka jino, nayo hupunguza kurudi kwa meno yaliyozungushwa, ijapokuwa haikuondoi kabisa.

Ndipo tunapofika kwenye kile kifaa cha kabatini. Namna iliyo maarufu zaidi ilielezwa na Charles Hawley mwaka 1919: kibao kinacholala juu ya kaakaa, chenye waya unaopita mbele ya meno, ambacho mgonjwa hukivaa na kukivua mwenyewe. Kwa fikra za wakati ule kifaa hicho kilikuwa sawa na gango. Mganga wa mifupa hulifunga gango mpaka mfupa uungane, kisha hulifungua, na mtu huenda zake. Tukikiri ukweli, neno la kwanza tuliloliandika badala ya "kihifadhi" lilikuwa hilo hilo, "gango la meno". Ni neno la kwetu, linaeleweka mjini na shamba, na lina harufu ya tiba. Tulilipenda sana. Ilitubidi kuliacha kwa sababu ya hesabu zilizofanywa Seattle.

Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini humo, Richard Riedel na Robert Little pamoja na wenzao walikusanya kwa miongo mingi sanamu za plasta za meno ya watu waliotibiwa, wakaendelea kuwaita hata walipokuwa watu wazima. Mwaka 1975 Little alitoa kipimo kilicho rahisi: katika meno sita ya mbele ya chini hupimwa umbali uliokosa kukutana katika nafasi tano, kwa milimita, kisha hujumlishwa. Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya watu 65 waliong'olewa magego madogo, wakanyooshwa kwa utaratibu uliosifika, na ambao walikuwa wameviacha vifaa kwa miaka 10 au zaidi. Theluthi mbili meno yao ya mbele ya chini hayakuwa tena katika hali ya kuridhisha. Mwaka 1988 walitoa habari za 31 kati yao waliofikia miaka 20; waliobaki na mpango unaokubalika walikuwa asilimia 10 tu. Jambo zito zaidi ni kwamba hawakupata dalili yoyote ya mwanzo iliyoweza kutabiri nani atadumu na nani hatadumu.

Ingekuwa yamekomea hapo, neno "mrejeo" lingetosha, kama tunavyosema homa imemrudia mtu. Lakini mwaka 1983 Sinclair na Little walikuwa wamechapisha utafiti juu ya watu 65 ambao hawakutibiwa kamwe na ambao miumano yao ilikuwa mizuri. Tangu utoto hadi utu uzima, safu zao za chini nazo zilifupika na meno ya mbele yakaanza kubanana. Lawama ya kale kwamba ni magego ya mwisho yanayoyasukuma mengine nayo haikusimama: mwaka 1990 kundi hilo hilo la Seattle liliwalinganisha watu waliokuwa na magego hayo, waliong'olewa, na ambao hayakuota kabisa, wasione tofauti ya maana.

Kwa hiyo jino lililonyooshwa haliendi lazima kule lilikotoka. Mara nyingi huenda kule ambako umri ungelipeleka kwa vyovyote, hata kama lisingeguswa na waya. Hayo ni mambo mawili, na Kiingereza huyaita kwa jina moja. Tumeona hatuna haki ya kuyafunga pamoja katika Kiswahili, maana jina hilo moja huleta lawama: kama ni kurudi, basi yuko aliyezembea, ama daktari ama mgonjwa. Tumependekeza "mrejeo" kwa jino linalovutwa na nyuzi zake kuelekea mahali pake pa zamani, jambo linalotukia hasa katika miezi ya mwanzo. Na "msogeo wa umri" kwa mabadiliko yale yanayoendelea kinywani mwa kila mtu, aliyetibiwa na asiyetibiwa. Daktari mmoja mwenye uzoefu alituambia kwamba mbele ya mgonjwa si rahisi kusema lipi ni lipi. Ni kweli. Hata hivyo mtu hawezi kuuliza lipi ni lipi akiwa na neno moja.

Baada ya takwimu za Seattle, fani yenyewe ilibadili desturi. Michael Buonocore alikuwa ameonyesha mwaka 1955 kwamba jino likipakwa asidi, gundi ya kitaalamu hushikamana nalo. Na kutokana na ugunduzi huo, katika miaka ya 1970 madaktari walianza kugandisha waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, ambao huachwa humo kwa miaka mingi. Kibao cha Hawley bado kipo, na viko vifuniko vya plastiki angavu. Mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2016, na tena ya mwaka 2023, hayakupata ushahidi wenye nguvu wa kusema kifaa kipi kinashinda vingine. Juu ya muda hakuna ubishi mkubwa tena. Anayetaka meno yake yabaki kama yalivyonyooshwa hushauriwa kuendelea kuyashikilia, walau usiku, kwa muda wote anaotaka yabaki hivyo.

Hapo ndipo gango liliposhindwa, kwa kuwa gango hufunguliwa. Tulitazama "kishikizo", lakini mafundi wa nguo hushikiza kwa uzi wa kuja kufumuliwa, tena kishikizo chenyewe ni kifungo cha shati. "Kidhibiti" kilinukia mitambo. Mwishowe mwenzetu mmoja, aliyekulia penye migomba, akauliza kwa nini tusiseme "mwega". Mgomba wenye mkungu mzito huwekewa mwega, na hakuna mkulima anayeuliza utaondolewa tarehe ngapi. Unakaa maadamu mgomba umeinama. Ukuta wa udongo ulioelemea nao huwekewa mwega. Mtaalamu mmoja alipinga akisema kwamba mwega husimama nje ya kitu, ilhali waya uliogandishwa hauonekani. Tumemjibu kwamba kuna mwega wa kuvua na mwega wa kugandisha, na majina hayo mawili yameingizwa katika orodha itakayopelekwa mbele ya kamati pamoja na muumano, muumano kamili, mrejeo na msogeo wa umri. Hatujui kama yatapita yote; "muumano" ungali unachekesha.

Kijitabu hakikungoja kamati. Wenye hospitali waliomba ukurasa ule uandikwe upya mara moja, nasi tukauandika. Palipokuwa na maneno "mtunzie mtoto kihifadhi kwa muda", sasa pamechapwa: "Nyaya zimeondolewa, lakini meno yataendelea kutembea. Mwanao atavaa mwega kinywani kila siku kama daktari atakavyoagiza, na baadaye kila usiku. Akiuacha, meno yatasogea. Mwega ukivunjika au ukipotea, mlete mtoto juma hilo hilo. Usingoje tarehe ya kadi."